Oili Ipasayo Gari Kuukuu

Barabara itokayo Voi kupitia Mwatate hata Wundanyi ni mtihani mkubwa kwa injini. Voi iko chini, yapata mita 600 juu ya bahari, na jua lake ni kali. Wundanyi iko milimani, yapata mita 1,400, na asubuhi zake ni za baridi. Gari kuukuu lililobeba saruji likipanda huko, oili ndiyo izuiayo chuma kisisagane na chuma.

Juu ya kopo la oili huandikwa, kwa mfano, 20W-50. Vipimo hivi ni vya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichoanza kupanga oili kwa uzito wake mwaka 1911. Namba ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha jinsi oili itiririkavyo katika baridi: ikiwa ndogo, oili hufika upesi zaidi penye vyuma injini inapowashwa. Namba ya pili yaonyesha uzito wa oili katika joto la digrii 100 za Sentigredi: ikiwa kubwa, oili hubaki nzito zaidi.

Baridi ya Wundanyi haitoshi kuzuia oili ya 20W isipite. Kwa hiyo, katika Taita Taveta, namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Imempasa mwenye gari kusoma kwanza kitabu cha gari lake, na kufuata maagizo ya nchi za joto. Oili nyepesi sana, kama 0W-20, ilitengenezwa kwa injini za siku hizi, nayo haifai injini iliyoundwa kwa oili ya 40 au 50. Ikiwa oili yapungua upesi, au taa yake yawakawaka injini ikiwa moto na gari limesimama, naye aone kitabu charuhusu, apande daraja moja, kama kutoka 15W-40 hata 20W-50.

Lakini oili nzito si dawa ya injini iliyochakaa. Huficha ugonjwa kwa muda tu. Fundi hana budi kuitazama. Na taa ya oili ikiwaka njiani, dereva azime injini mara moja, apime oili kwa kijiti chake, wala asiseme, "Nifike Wundanyi kwanza." Bei ya kopo la oili ni ndogo kuliko bei ya injini.