Hadithi ya Picha na Msomaji Wake wa Kwanza

Mara nyingi mtoto achoraye katuni pembezoni mwa daftari huadhibiwa. Kabla ya kumwadhibu, yatupasa sisi walimu tujiulize kama hatuzimi kipaji. Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi kabla ya kwenda Nairobi mwaka 1992 kuchora katika gazeti la Nation. Mchoraji wa gazeti ana wasomaji wengi. Mtoto wa shule anatutegemea sisi na wenzake.

Tuchukue mfano wa Darasa la Tano huko Kisanga, wilayani Kilosa. Hadithi yetu ni tembo walioingia katika shamba la mahindi usiku.

1. Kila mwanafunzi achore miraba minne, kila mmoja tukio moja.
2. Maneno ya wahusika yawe machache.
3. Wawili wabadilishane daftari. Msomaji asimulie anachokiona. Mchoraji anyamaze na kusikiliza.
4. Pale msomaji alipokwama, mchoraji apachore upya.

Tahadhari: neno "vizuri" peke yake halifunzi, na kicheko huvunja moyo. Heri tuulize, "Tembo hawa wametokea upande gani?" Aidha, jioni mtoto ana maji ya kuteka na kuni za kutafuta, basi tumpe kipindi cha pili darasani.

Mchoro wa pili ukieleweka bila mchoraji kuufafanua, lengo letu limetimia.