Hasira ya Achilles

Mtu aliyedhulumiwa husema, "Sitalala mpaka nimlipize." Nami nilipata kusema hivyo juu ya mpaka wa shamba, kabla ya kuusoma utenzi wa kale wa Wayunani uitwao Iliad, wenye sehemu 24. Neno lake la kwanza ni ghadhabu.

Wayunani walipouzingira mji wa Troy, mkuu wao Agamemnon alimnyang'anya shujaa Achilles mateka wake, Briseis. Achilles akasusa vita. Walioumia ni wenzake: wengi walikufa, hata rafiki yake mpenzi Patroclus akauawa na Hector. Ndipo Achilles akamwua Hector, akaikokota maiti yake kwa gari la farasi. Je, alistarehe? La, usingizi ulimkimbia.

Usiku mmoja mzee Priam, babaye Hector, aliingia kwake, akaibusu mikono iliyomwua mwanawe. Achilles akamkumbuka baba yake mwenyewe aliye mbali. Wakalia wote wawili. Akamrudishia maiti, wakala pamoja. Usiku huo Achilles alilala.

Kisasi hakikumpa usingizi, huruma ilimpa. Basi, msomaji, hasira ni hasara. Mimi na jirani yangu tuliwaita wazee, wakatupimia mpaka.