Lugha Ipi Yafaa Kuandikia Programu Jalizi?

Kila mwaka sisi wahariri wa jarida hili huwa na picha chungu nzima za kupunguza ukubwa na kufanya nyeusi na nyeupe. Kazi hiyo huifanya kwa GIMP, programu ya picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni programu huria: yeyote aweza kusoma msimbo wake na kuiongezea kipande chake. Kipande hicho ndicho huitwa programu jalizi.

Nilipochoka kubofya picha moja moja, niliamua kuunda jalizi yangu. Nikachagua lugha ya C. Sikudanganyi, nilitaka sifa tu! Nilikesha wiki tatu, nayo nyumbani ikafanya kazi barabara. Nilipoipeleka maabara ya tarakilishi, wapi! Kompyuta yangu hutumia Linux, za shule Windows. Kumbe programu ya C hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine, na iliyogeuzwa kwa mfumo mmoja haiendeshwi na mwingine. Mwenzangu wa kidato cha pili, atakayerithi kazi hii, aliutazama msimbo akauliza, "Sasa kaka, ukimaliza shule tutamwita nani?" Swali hilo lilinikata maini.

Basi nikajifunza mambo haya:

1. Uliza programu yenyewe hufungulia mlango lugha zipi. GIMP hupokea C, Scheme na Python, miongoni mwa nyingine.

2. Pima kazi. Ukitaka kubuni hesabu yako ya kupigwa kwa kila nukta ya picha, kasi ya C itakufaa. Lakini mimi nilikuwa natoa amri tu; kupunguza picha hufanywa na GIMP yenyewe. Kasi niliyoitafuta ilikuwamo tayari!

3. Mfikirie mrithi wako. Python ni rahisi kusoma, na faili yake ni maandishi tu, hivyo hubebwa kutoka Linux hadi Windows bila kugeuzwa.

4. Angalia toleo. GIMP 2.10 ilitumia Python 2, ambayo iliacha kutunzwa mwaka 2020. GIMP 3.0, iliyotoka mwaka 2025, hutumia Python 3, na jalizi za zamani sharti zirekebishwe.

Niliandika upya kwa Python, safari hii mwenzangu akiwa kando yangu. Juzi alibadilisha kipimo cha picha bila hata kuniuliza. Wahenga walinena, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Naye sasa hanitegemei. Picha mnazoziona humu ni kazi ya mikono yake.

Alamsiki.