Dondoo muhimu: Pakua kabla kengele haijalia

Ukiwa Ganze au Magarini, kaunti ya Kilifi, na unangoja mtandao utulie ndipo ufundishe, kipindi kitakwisha. Pakua nyumbani, darasani ufungue tu. Masomo ya mtaala yatafute kwenye Kenya Education Cloud ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD).

Kwa darasa la chini, napenda African Storybook. Hadithi zake za picha ni za bure, na leseni inakuruhusu kuzitafsiri. Unataka ya Kigiriama? Iandike mwenyewe, kisha mpe bibi wa mwanafunzi mmoja akusahihishe. Atacheka kidogo, vumilia.

Sayansi ina PhET, majaribio ya kuigwa kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanza 2002. Zoezi la saketi ya umeme ni faili moja, nalo hufunguka kwenye kompyuta bila intaneti. Kompyuta moja, watoto 60? Usiigeuze sinema. Chora saketi ubaoni, uliza: tukiongeza balbu ya pili kwenye waya uleule, ya kwanza itafifia? Wabishane kwa makundi, waandike majibu daftarini. Hapo ndipo mjumbe wa kila kundi aje abonyeze, arudi kuwapasha wenzake.

Jiografia: fungua Google Earth, pima umbali kutoka magofu ya Gede, yaliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, hadi ufuo wa Watamu. Waulize mbona mji ulijengwa mbali na bahari. Picha za skrini zihifadhi mapema, na chaki iwe mfukoni: stima ikipotea, ramani utaichora kwa mkono.