Mawe yanapoanguka: somo kutoka kwa mchonga sanamu

Somo hili linafaa kwa vikundi. Msomaji mmoja asome kwa sauti, kisha mjadiliane.

Andy Goldsworthy alizaliwa Uingereza mwaka 1956. Alipokuwa kijana alifanya kazi za mashambani, na kwa miaka mingi ameishi kijijini Penpont, Uskoti. Hutengeneza sanamu kwa vitu anavyovikuta mahali alipo: majani, mawe, udongo, barafu. Hushikiza majani kwa miiba, na hugandisha vipande vya barafu kwa maji. Kisha hupiga picha na kuondoka. Upepo, jua au maji humaliza kazi hiyo.

Filamu moja ya mwaka 2001 inamwonyesha ufukweni Nova Scotia, Kanada. Anapanga mawe bapa, bila saruji, kujenga mnara mwembamba chini, mnene katikati na mwembamba juu. Bahari inakaribia kujaa. Mnara unaanguka. Anaanza tena, unaanguka tena, hadi mara nne. Lakini kila unapoanguka anayafahamu mawe yale zaidi: lipi linabeba uzito, lipi linateleza. Mwishowe mnara unasimama, na maji yanajaa na kuufunika.

Tarehe 21 Juni 2000, wakazi wa London waliamka wakakuta mabonge 13 makubwa ya theluji mitaani, katikati ya majira ya joto. Goldsworthy aliyatengeneza Uskoti wakati wa baridi, yakahifadhiwa kwenye ghala la barafu. Yalipoyeyuka, vilijitokeza vitu alivyovificha ndani, kama vile sufu ya kondoo na seng'enge. Kuyeyuka kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Wengi wetu hupima kazi kwa kudumu kwake tu. Kikianguka kitu, tunaficha aibu na hatuulizi kwa nini kilianguka. Goldsworthy anatufundisha kukitazama kilichoanguka kabla ya kuanza upya.

Zoezi

Tokeni nje. Kwa nusu saa, tengenezeni umbo lolote kwa majani makavu na mawe. Msikate matawi mabichi. Rudini kesho mkalitazame.

Maswali ya kujadili

■ Umbo lenu limebadilikaje? Nini kimelibadilisha?

■ Ni kazi gani ya kikundi chetu iliyoanguka? Je, tulikaa pamoja tukaichunguza?

■ Ni kazi gani iliyokwisha, lakini bado tunanufaika nayo?