NOELI BILA DENI
Somo kwa wale walio yaya nyumbani

Kusoma: Luka 2:1-24, Walawi 12:8



Konje ya Noeli imekaribia. Kila mmoja atarudi kwao, na huko wadogo wetu wamekwisha kuanza swali lao la kila mwaka: "Yaya, Noeli hii tutavala nini?" Leo tujifunze kulijibu bila kuwadanganya watoto, wala kuwatia wazazi katika deni.

Mfano
Nilipokuwa katika mwaka wa pili wa sekondari, baba alikopa feza ili sisi watoto sita tuvae nguo mpya. Siku ya Noeli tulipendeza kweli. Mwezi wa kwanza mwenye feza akaja kudai, na minervale yangu ikakosekana. Nilikaa nyumbani wiki tatu, wenzangu wako kalasini. Baba akanikuta mlangoni, akasema: "Mwanangu, nguo mulivala siku moja. Deni tunaivala kila siku."

Simlaumu, alitupenda. Lakini ajabu ni hii: rangi ya nguo ile nimeisahau. Ninalokumbuka ni usiku wa tarehe 24, mvua inanyesha, koroboi inawaka, baba akitusimulia namna alivyofika Kalemie kwa treni ya kutoka Kabalo, mfukoni hana hata makuta. Hadithi ile haikununuliwa.

Maandiko yanasema nini?
Luka 2:24 inataja sadaka ya ndege wawili. Ukifungua Walawi 12:8 utaona kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Basi Yosefu na Maria walitoa kadiri ya uwezo wao, na hawakuona haya. Tuone sisi tutoe nini.

Mambo ya kufanya
1. Igizo. Gawa kazi: huyu Yosefu, huyu Maria, wengine wachungaji. Kitenge cha mama ni vazi, kikapu ni hori. Mtoto mdogo kabisa asiachwe. Awe kondoo, kazi yake kulia "mee". Wazazi na majirani ndio watazamaji.

2. Vitu vya kuchezea. Mpira wa mifuko iliyofungwa kamba, gari la waya au la mkebe wa samaki, mwanasesere wa vitambaa. Usimtengenezee mtoto, tengeneza pamoja naye. Wewe kata mkebe, maana unakata vidole. Chimbeni pia mashimo ya kisolo, mbegu zipo bure.

3. Matembezi ya Lukuga. Asubuhi, kabla ya mvua, wapeleke mahali mto unapotoka ziwani. Waulize: maji haya yanaenda wapi? Halafu waeleze: Lukuga inayatoa maji ya Tanganyika hadi Lualaba, nayo yanafuata mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Watoto wengi huvuka daraja kila siku bila kujua hayo. Angalisho: wasiingie majini, kuna mamba na viboko. Wala wasinywe maji ya ziwa, kipindupindu kinatusumbua siku nyingi. Beba maji yaliyochemshwa.

4. Kupika pamoja. Bukari, sombe na ndakala ni chakula cha kila siku, lakini siku ile kila mtoto apewe kazi: mmoja achambue sombe, mwingine atwange, mwingine apange sahani. Maembe yako tele wakati huu. Na baba naye aonekane jikoni. Watoto watacheka mpaka Bonane.

5. Usiku wa hadithi. Mwombe nyanya au babu asimulie hadithi za Kalulu, kisha habari za ukoo: tulitoka wapi, nani alitangulia kufika hapa tangu mji uliitwa Albertville, kabla ya 1966. Wewe unayejua kuandika, andika katika daftari. Mzee akiondoka, daftari litabaki.

6. Mgeni mmoja. Mji wetu umepokea watu wengi waliokimbia vita. Mwite mtoto mmoja wa jirani asiye na kwao, ale na kucheza pamoja nanyi.

Neno la mwisho
Zungumza na wazazi mapema, kwa heshima, si mbele ya wadogo. Sema: "Baba, mama, mwaka huu nguo yangu mimi iachwe. Feza ikipatikana, iwekwe kwa minervale." Mzazi anayelisikia neno hilo kwa mtoto wake atalala vizuri. Na mdogo akiuliza, umwambie kweli: "Nguo mpya hakuna, lakini siku nzima niko pamoja nawe." Halafu uitimize. Ukitoka asubuhi na marafiki na kurudi usiku, umemdanganya.

Maswali ya kuongea
a) Noeli gani unaikumbuka zaidi? Juu ya nini?
b) Kwa nini tunaona haya kuvaa nguo ya zamani siku ya Noeli?
c) Kati ya mambo sita haya, utaanza na lipi? Mrudipo, tuambieni lilikwendaje.

Noeli njema na Bonane!