SOMO KWA WANANCHI: KUCHUNGUZA BOMBA LA MAJI MACHAFU KABLA YA KUCHIMBA

Wananchi na watumishi wa Serikali wakaao Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, wanaarifiwa kwamba somo la safari hii linahusu bomba litokalo chooni hadi katika tangi la maji machafu, na namna ya kuutambua ubovu wake bila kuufukua ua mzima. Somo hili linazihusu nyumba zenye choo cha kuvuta maji. Vyoo vya shimo havina bomba refu, na uangalizi wake ni wa namna nyingine.

Inafahamika kwamba katika vijiji na miji midogo mingi nchini hakuna mtandao wa mabomba ya maji machafu. Kila nyumba ina bomba lake, chemba zake, tangi lake na shimo la kunyonyea maji. Kwa hiyo bomba likipasuka, mwenye nyumba ndiye mhandisi wa kwanza. Aidha, Kilimatinde imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na maji yavujayo katika ardhi yenye mteremko hayabaki kwa mwenyewe. Huweza kuteremka hadi kwenye kisima cha jirani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Bara na ukafika Zanzibar. Ugonjwa huo huenezwa kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Hivyo basi, bomba bovu ni jambo la mtaa mzima.

1. Bomba lilivyo

Bomba la kawaida la chooni lina upana wa milimita 100 au 110, yaani inchi 4. Mteremko unaofaa ni sentimita 2.5 kwa kila mita 1. Bomba la mita 18 basi litashuka sentimita 45 kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye kona au bomba jingine linapoingia hujengwa chemba yenye mfuniko, ili fundi apate mahali pa kuchungulia. Ni kosa kubwa kuifunika chemba kwa saruji au kwa udongo wa bustani.

2. Uchunguzi wa kwanza: kufunua chemba

Maji yakikataa kushuka, kabla ya kumwita fundi zifunuliwe chemba zote, kuanzia ya karibu na nyumba. Hali ya chemba husema mengi:

(a) Chemba ya kwanza ikiwa kavu ilhali choo kimejaa, kizuizi kipo kati ya choo na chemba hiyo.

(b) Chemba ya kwanza ikiwa imejaa na ya pili kavu, kizuizi kipo baina ya hizo mbili.

(c) Chemba zote zikiwa zimejaa, tatizo huenda lipo katika kipande cha mwisho cha bomba, katika tangi au katika shimo la kunyonyea. Lipimwe tangi kwanza. Tope likifikia theluthi moja ya kina chake, dawa ni kulinyonya, si kulifukua bomba.

(d) Choo kikisumbua wakati wa mvua tu, yaani baina ya Desemba na Aprili, huenda shimo la kunyonyea limeelemewa na ardhi iliyoloa, au maji ya mvua yanaingia katika bomba lenye ufa.

Onyo: mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, wala asichungulie kwa kibiriti au kibatari. Hewa ya humo huweza kuua kwa pumzi chache, na baadhi yake huwaka moto.

3. Uchunguzi wa pili: kioo na tochi

Hii ni njia ya zamani, na gharama yake ni ndogo. Bomba baina ya chemba mbili likiwa limekwisha kusafishwa, mtu mmoja huelekeza tochi ndani yake kutoka chemba ya juu. Mwenziwe huteremsha kioo kilichofungwa kwenye kijiti katika chemba ya chini, akaangalia mwanga unaorudi. Akiona duara kamili, bomba limenyooka na ni wazi. Akiona mwezi mwandamo, bomba limepinda, limezama mahali, au lina tope chini. Asipoona mwanga kabisa, njia imezibwa au imepinda sana.

Kioo, hata hivyo, kina mpaka wake. Chaonyesha kwamba kuna kasoro, lakini hakionyeshi ni kasoro gani wala ipo mita ya ngapi. Hapo ndipo kamera inapohitajika.

4. Uchunguzi wa tatu: kamera

Kamera ya mabomba ni jicho dogo lenye taa zake, lililofungwa kwenye mwisho wa waya mgumu unaonyumbuka. Fundi huusukuma waya huo kutoka chemba, na picha huonekana papo hapo kwenye kioo cha mashine. Mashine njema huhesabu mita za waya uliokwisha kuingia. Baadhi zina kifaa kinachotoa mawimbi kutoka kichwani, na fundi wa pili akipita juu ya ardhi na kipokezi chake huweza kupaweka alama mahali kamera ilipo.

Wananchi wasidhani kwamba kamera inazibua. Kazi yake ni kuona tu. Bomba lililojaa maji machafu halionyeshi kitu, hivyo kwanza lizibuliwe na kusafishwa kwa maji, kisha kamera iingizwe. Vilevile zipo kamera ndogo za waya zinazounganishwa na simu ya mkononi. Hizo zafaa kwa mita chache za mwanzo, bali waya wake ni laini na mara nyingi hukwama penye kona.

5. Namna ya kuisoma picha

(a) Nyuzi zinazoning'inia kutoka kwenye kiungio ni mizizi. Katika nchi yenye kiangazi kirefu kama hii, kiungio kinachovuja ni chemchemi kwa mti ulio jirani, na mwarobaini au mwembe utaifuata. Kuikata mizizi ni nafuu ya muda. Tiba ni kukibadili kiungio.

(b) Kamera ikizama majini kisha ikaibuka mbele, bomba limekaa kama tumbo. Msingi wa chini yake haukushindiliwa. Hapo uchafu utatuama kila mara hata ukizibua kila mwezi.

(c) Ukingo wa bomba la pili ukionekana kama ngazi, viungio vimeachana au vimepandana.

(d) Utando mweupe au wa manjano ni mafuta ya jikoni yaliyoganda. Bomba lenyewe huenda ni zima, na hakuna haja ya kuchimba.

(e) Mduara ukigeuka kuwa yai, bomba limelemewa na uzito, kwa mfano gari lipitalo juu yake, na huenda likaporomoka.

Mafundi huutaja upande wa kasoro kwa mfano wa uso wa saa: tarakimu 12 ni juu ya bomba, 6 ni chini. Kwa kuwa sisi husoma saa kwa namna yetu, fundi akisema mzizi umeingia "saa sita" aulizwe kama mshale uko kwenye 12 au kwenye 6. Jambo hili si dogo: ufa wa juu huingiza mizizi na maji ya mvua, bali ufa wa chini huvujisha maji machafu ardhini kila siku.

6. Mfano wa hesabu

Bomba lina urefu wa mita 18 kutoka chemba ya kwanza hadi tangi. Kamera imeona mizizi mita 11.4 kutoka chemba hiyo. Pimeni kwa futi kamba juu ya ardhi kufuata njia ya bomba. Kwa kuwa waya huweza kulegea njiani, ongezeni mita 1 kila upande. Mtachimba kutoka mita 10.4 hadi 12.4, yaani mita 2 badala ya 18. Sehemu nane kati ya tisa za njia ya bomba zitabaki salama, na malipo ya wachimbaji yatapungua kwa kiasi hichohicho.

7. Mambo ya kuzingatia

Inapobidi kumwita fundi mwenye kamera kutoka mji mwingine, gharama ya safari huweza kuwa kubwa kuliko ya kazi yenyewe. Kwa hiyo inashauriwa majirani wakubaliane aje siku moja kwa nyumba kadhaa, na chemba zote ziwe zimefunuliwa na mabomba kusafishwa kabla hajafika.

Mwenye nyumba adai nakala ya picha pamoja na mchoro unaoonyesha mita na upande wa kila kasoro. Fundi akisema bomba lote libadilishwe, aonyeshe katika picha ni wapi na kwa nini. Baada ya matengenezo, kamera au walau kioo na tochi virudishwe kabla ya kufukia.

Mtumishi anayekaa katika nyumba ya Serikali asichimbe kwa hiari yake. Atoe taarifa kwa maandishi kwa mkuu wake wa kazi, akieleza ni chemba ipi iliyojaa na ipi iliyo kavu. Taarifa ya namna hiyo huokoa siku nyingi za kungoja.

Mwisho, kisima kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka tangi au shimo la kunyonyea, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Wananchi wanaombwa kuanza wiki hii kwa jambo moja jepesi: kila mwenye nyumba azitafute chemba zake, azifunue, na achore kwenye karatasi njia ya bomba lake. Karatasi hiyo itunzwe ndani ya nyumba, ili hata fundi asiyeijua nyumba hiyo ajue pa kuanzia.